Shanta, Faili la Bluu na Wiki Tisa za Asia

Ofisa wa uhamiaji alifungua pasipoti yangu, akasoma jina la nchi, akaifunga. Hakuniuliza kitu. Alinyoosha kidole kule nilikotoka, akatamka maneno mawili ya Kiingereza ambayo sikuyadaka, halafu akamwita mtu wa nyuma yangu. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ile ya uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kwa dakika hamsini, nikitokea Dar es Salaam kwa ndege mbili na usiku mmoja usio na usingizi, miguu imevimba hadi kamba za viatu zinalia.

Kumbe abiria anayetoka nchi zilizo kwenye orodha ya homa ya manjano anatakiwa apite kaunta ya afya kwanza, ndipo afike kwa uhamiaji. Tanzania imo kwenye orodha hiyo, Kenya na Uganda nazo zimo. Bango la kaunta nililiona wakati napita. Nikadhani ni la wagonjwa. Unajaza fomu, unaonyesha kadi ya njano ya chanjo, wanakugongea muhuri, kisha unarudi kupanga foleni upya. Pale kaunta nilimkuta kijana wa Nigeria na mama mmoja wa Brazil. Tukatazamana kama wanafunzi waliochelewa paredi.

Kadi nilikuwa nayo. Nilichanjwa wiki tatu kabla ya safari, maana chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10, na tangu 2016 ukichanjwa mara moja kadi haiishi muda tena. Kilichoniuma ni kwamba mimi ni mtu wa klaringi. Mwaka wa nane huu nafukuzia makaratasi ya mizigo bandarini Dar, na kila siku namwimbia mteja wimbo uleule: kontena likipungukiwa karatasi moja halitoki, hata ndani yake kuwe na dhahabu. Siku ile kontena nilikuwa mimi.

Hiyo ilikuwa Januari 2024. Nilikuwa nimejichanga kwa miaka mitatu, nikaomba likizo ya mwaka pamoja na ile isiyo na mshahara, nikanunua shanta la mtumba Kariakoo na kuondoka. Kabla ya hapo nilisoma mashauri mengi ya watu wanaozunguka Asia na begi mgongoni. Karibu yote yameandikwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu wenzao: beba nguo chache, soksi jozi tatu, usipange sana, iache njia ikuongoze. Soksi nakubali. Lakini hilo la kutopanga ni la mtu ambaye pasipoti yake inajifungulia milango yenyewe. Mimi viza ya Thailand niliiomba mapema kwa taarifa ya benki, barua ya mwajiri na tiketi ya kurudi. Vietnam nashukuru, tangu tarehe 15 Agosti 2023 wamefungua viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote. Malaysia hawatudai viza kwa siku 30, ila kadi ya njano wanaitaka. Ndiyo maana nilikuwa na faili la bluu la plastiki, lile la kifungo kimoja, limejaa karatasi zilizopangwa kwa nchi. Shanta lilikuwa kilo nane na nusu. Faili halikufika nusu kilo, na ndilo lililonisumbua kuliko shanta.

Siku ya pili nilipigwa changa la macho, na nisingependa kulielezea ila naona nikiliruka nitakuwa mnafiki. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, na Dar nimekaa miaka kumi. Nimepita Kariakoo wiki ya mwisho ya Ramadhani na pochi ikabaki mfukoni. Wapiga debe wa mabasi nawajua kwa sauti. Basi nikajiona siingiziki mjini. Karibu na lango la Kasri la Kifalme akanisogelea bwana wa makamo, shati jeupe limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Akaniambia kwa upole kwamba asubuhi ile kuna ibada, wageni wataruhusiwa saa saba mchana. Akauliza natoka wapi. Nilipomjibu akafurahi: Serengeti! Akaichukua ramani yangu, akachora duara kwenye hekalu lenye sanamu kubwa ya Buddha, akaniitia tuktuk ya baht 20 kwa mzunguko mzima.

Baht 20 wakati ule hazikufika shilingi elfu moja na mia tano. Bajaji ya kukuzungusha Dar nusu siku kwa hela hiyo haipo, na ungeiona ungekimbia. Mimi nikapanda. Hekalu tulilifikia kweli, dakika kumi. Halafu duka la suti. Halafu duka la vito, lenye kiyoyozi na viti vya kuzama, nikaletewa juisi. Dereva anapewa kuponi za mafuta kwa kila kichwa anachokifikisha, hilo nimelijua baadaye. Muuzaji akaanza na yakuti, kwamba nikiifikisha Dubai inazaa mara tatu. Alipoona sishtuki akauliza nchi yangu, akainama chini ya meza, akatoa trei ya mawe ya bluu yanayoelekea zambarau.

“Tanzanite,” akasema. “Adimu sana. Bei maalumu kwako.”

Mtu wa Bangkok anataka kuniuzia mimi mawe ya kwetu Mererani, tena kwa bei maalumu. Nilicheka hadi juisi ikanipalia. Nikatoka nje, dereva akanuna, akawasha chombo chake akaniacha pale. Nilirudi kwa miguu nikiuliza njia, jua la utosini, nikafika langoni saa kumi kasorobo. Wanafunga saa tisa na nusu. Safari hii lilikuwa limefungwa kweli.

Usiku wa tano nilitakiwa kupanda treni ya kwenda Chiang Mai, kaskazini. Rafiki yangu aliyewahi kusoma Thailand alikuwa ameniandikia kwa mkono: treni, Hua Lamphong. Tiketi yangu ilisema Krung Thep Aphiwat. Sasa, Krung Thep ndilo jina ambalo Wathai wenyewe wanauita mji wa Bangkok, kwa hiyo nikalisoma kama mtu anayesoma “Dar es Salaam” kwenye tiketi ya basi: mji tu, stesheni naijua. Rafiki yangu aliondoka 2018. Tarehe 19 Januari 2023 treni za masafa marefu zilihamishiwa stesheni mpya, kubwa mno, eneo la Bang Sue. Hua Lamphong, iliyofunguliwa mwaka 1916, ikabaki na treni chache za karibu.

Nikafika Hua Lamphong saa kumi na mbili jioni, nikajisifu kwa kuwahi. Jengo zuri, paa lake la upinde, viti vitupu, njiwa. Utupu ule ungetosha kunistua. Nikakaa. Saa nzima baadaye mama mmoja aliyekuwa anafagia akaja karibu, akaomba tiketi kwa ishara, akatikisa kichwa. “Bang Sue, Bang Sue.” Akaelekeza ngazi za kushukia reli ya chini ya ardhi. Halafu akaninyooshea vidole viwili: “Song thum.” Akaona sijaelewa, akagusa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, 20.05, akarudia vidole viwili. “Song thum.”

Ishirini na dakika tano. Vidole viwili. Saa mbili usiku.

Nilibaki nimeduwaa sekunde kadhaa, haraka nimeisahau. Maisha yangu yote nimewaeleza wageni kwamba sisi saa tunaanza kuihesabu jua linapotoka na linapozama, na wote wananitazama kama nawatania. Mama huyu alikuwa anahesabu usiku kama bibi yangu wa Pangani. Baadaye binti wa mapokezi pale hosteli Chiang Mai alinifafanulia: jua likishazama, thum ya kwanza ndiyo saa moja yetu, ya pili saa mbili, hadi ya tano, saa tano usiku. Usiku wa manane wanaupa jina lake, kisha wanaanza hesabu nyingine kwa neno jingine, moja, mbili, tatu. Hapo ndipo tunapoachana, maana sisi tunaendelea na saa saba. Asubuhi nayo, wazee wengine bado wanaita saa mbili ile tunayoiita sisi saa mbili. Kwenye chumba cha hosteli chenye vitanda nane, Mjerumani mmoja alikuwa analalamika kwamba saa za Kithai zimemkosesha basi. Nikajilaza nikitabasamu kwa roho mbaya kabisa.

Lakini nimeruka mbele. Pale chini kwenye lango la reli kuna meza ya ukaguzi. Mlinzi akaomba nifungue shanta. Mkono mmoja ulikuwa na tiketi, nikaweka faili la bluu mezani ili nivute zipu. Akamulika na tochi, akanipungia nipite. Nikafunga zipu, nikapita. Nusu saa kwenye treni ya chini nikiangalia saa, kisha kukimbia kwenye stesheni mpya inayofanana na uwanja wa ndege, ghorofa juu ya ghorofa, hadi mlangoni nikiwa na dakika kumi na moja mkononi. Nikapata kitanda changu cha juu, cha juu ni cha bei nafuu zaidi, kiko karibu na taa na kiyoyozi kinakupuliza kisogoni. Mhudumu akatandika shuka. Treni ikaondoka. Nikanyoosha mkono nichukue faili nilitie chini ya mto, kama nilivyofanya kila usiku.

Hakuna.

Nililipekua shanta lote juu ya kitanda kile ambacho huwezi hata kukaa wima. Pasipoti ilikuwa kwenye mkoba wa kiunoni, namshukuru Mungu. Nikaanza kupiga hesabu kama ya kontena: tiketi ya kurudi inachapishika upya. Viza ya Vietnam inachapishika. Bima inachapishika. Kadi ya njano ni moja, ina muhuri wa wino, na nakala yake sikuwahi kuipiga hata picha. Mimi, ambaye nampa mteja karipio akileta karatasi halisi bila nakala. Bila kadi ile Malaysia ingekuwa mashaka, na hata kurudi nyumbani kungekuwa na maswali. Sikulala. Baridi ya kiyoyozi ilinisaidia kukaa macho.

Binti wa mapokezi alipiga simu tatu asubuhi ile. Kwenye ya tatu akainua dole gumba: faili lipo, limehifadhiwa ofisini palepale Hua Lamphong, ila mwenyewe aje na pasipoti. Ni kama kilomita 750. Nikapanda treni ya usiku kurudi, nikasaini daftari lao la vitu vilivyookotwa, nikakabidhiwa. Hakuna karatasi iliyopungua, hata kadi ya biashara ya yule bwana wa tanzanite ilikuwemo, imepangwa vizuri na mtu asiyenijua. Yule mlinzi hakuwa zamu. Mama wa fagio nilimtafuta nikamkosa pia, nikamwachia mwenzake mfuko wa maembe, sijui kama ulimfikia.

Njiani kupanda tena kaskazini nilifanya nilichopaswa kufanya Dar: nikasoma kila karatasi mstari kwa mstari kama ofisa wa forodha mwenye kisirani. Viza yangu ya Vietnam ilikuwa na majina mawili. Pasipoti ina matatu. La babu nililiacha kwa uvivu wa kujaza fomu usiku. Huenda wangenipitisha, huenda shirika la ndege lingenikatalia kupanda. Nikaomba upya, nikalipa dola 25 mara ya pili. Nisingelipoteza faili nisingelisoma.

Chiang Mai nilipapenda kwa sababu ya kijinga: usafiri wao. Ni pikapu nyekundu zenye mabenchi mawili nyuma, abiria mnatazamana magoti kwa magoti, unamwambia dereva unakokwenda, unabonyeza kengele ukifika. Wazee wa Dar watakumbuka yale magari ya chai maharage. Unguja bado unazikuta daladala za sampuli hiyo. Wao wanaita songthaew, yaani mistari miwili. Song ileile ya yule mama.

Kutoka hapo kwenda Pai, mji mdogo milimani, ni kilomita 130 hivi na kona 762. Kona zimehesabiwa na zinauzwa kwenye fulana. Wasafiri wanakodi skuta. Mimi nimeendesha pikipiki tangu kidato cha pili, boda ya mjomba, kwa hiyo nilipowaona vijana wa Ulaya wanajifunzia barabarani niliwahurumia. Mwenye duka alitaka kushika pasipoti kama dhamana. Nikagoma, nikamwachia baht 3,000, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya wiki ile.

Nieleze vizuri kilichotokea, kwa sababu kinaweza kumpata yeyote aliyezoea boda. Pikipiki zetu za gia, mkono wa kushoto unashika klachi. Skuta haina klachi. Ile wenzo ya kushoto ni breki ya nyuma. Kwenye tambarare hili unalijua kichwani. Kwenye kona ya mteremko, ya mia tatu na ngapi sijui, mkono hauulizi kichwa: niliona kona inakaza, nikataka kushusha gia, vidole vya kushoto vikabana chote, kama klachi. Gurudumu la nyuma likaganda juu ya kokoto. Skuta ikalala upande wa kulia polepole, kama ng'ombe anayejilaza, na mguu wangu ukabaki chini, shavu la mguu limegandana na bomba la moshi.

Harufu ile sitaisahau. Kofia ilinisaidia, mwendo ulikuwa mdogo, na nyuma hakukuwa na lori. Wakulima wawili waliinyanyua skuta, wakanimiminia maji ya chupa mguuni bila kuacha, chupa tatu. Nikaendesha hadi Pai kwa kasi ya baiskeli. Mfamasia hakuniuliza imekuwaje. Aliutazama mguu, akasema “Mm, bomba,” akatoa dawa kutoka kwenye droo iliyokuwa wazi tayari. Kwenye benchi walikaa Waingereza wawili na msichana wa Korea, kila mmoja na bandeji yake, wale wale niliowahurumia. Baht 1,600 zilikatwa kwenye dhamana kwa kioo na ubavu uliochubuka. Alama ninayo hadi leo, ukubwa wa ganda la embe.

Hanoi niliingia tarehe 7 Februari, majina yote matatu kwenye viza, na nikakuta mji unahama. Pikipiki zilikuwa zinabeba miti: matawi ya maua ya pichi, na vichaka vizima vya machungwa madogo kama ndimu, vimefungwa nyuma ya kiti huku dereva haonekani. Ilikuwa siku tatu kabla ya Tết, mwaka mpya wao, ambao 2024 uliangukia tarehe 10 Februari. Nilikuwa nalijua jina hilo. Sikujua kwamba tiketi za treni za kusini zimeisha wiki nyingi nyuma na kwamba nchi nzima inarudi kwao kwa pamoja, kama Wachaga Desemba, ila zidisha. Kule stesheni mhudumu aliniandikia tarehe ya kwanza yenye nafasi, akaizungushia duara: siku tisa mbele. Hii ndiyo “usipange sana” yenu.

Nilipanga chumba kwa familia moja kwenye kichochoro. Tarehe 9 wakaondoka kijijini, wakaniachia ufunguo na pakiti za tambi. Nilidhani nitakula mtaani. Asubuhi ya tarehe 10 nikaamshwa na ukimya. Mji ambao honi zake hazilali ulikuwa kimya kama Ngamiani saa ya futari. Maduka yote mabati chini. Nilitembea kichochoro kile na njaa yangu, hadi nikaona mlango mmoja uko wazi nusu, harufu ya ubani na wali wa moto inatoka. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikasema “Hodi!” kwa Kiswahili kabisa, mdomo ulijisemea, na miguu ikavuka kizingiti.

Watu saba wakaganda. Mama mwenye trei akasimama kama picha. Hakuna aliyefoka, lakini nilijua nimevunja kitu. Kijana mmoja, mwanafunzi, akanijia haraka na Kiingereza chake: mtu wa kwanza kuingia nyumbani asubuhi ya mwaka mpya ndiye anayeleta bahati ya mwaka mzima, au nuksi. Wanaita xông đất. Familia huwa zinamchagua mtu huyo mapema, kwa tabia na kwa mwaka aliozaliwa, na wao walikuwa wamemwalika mjomba wao, yuko njiani. Sasa nimeingia mimi, na kandambili.

Nilitaka ardhi inimeze. Mambo haya tunayajua sana sisi. Muuza duka wa Tanga hamwachi mteja wa kwanza wa asubuhi aondoke mikono mitupu, atakupunguzia hadi hasara, maana ukitoka hujanunua siku imeharibika. Nikaanza kurudi kinyumenyume. Babu aliyekaa kwenye kiti cha mbao akainua mkono, akamuuliza kijana swali fupi.

“Umezaliwa mwaka gani?”

“1992.”

Babu akaanza kuhesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole vyake, taratibu, nyumba nzima inamsubiri. Akafika mahali akasimama. “Thân,” akasema, akajipiga paja akacheka, na wote wakacheka kwa pumzi moja iliyokuwa imebanwa. Thân ni nyani. Mwaka ulioanza asubuhi ile ulikuwa wa joka, na kwa hesabu zao nyani na joka ni chanda na pete. Nikavutiwa kiti. Nikapewa bahasha nyekundu yenye noti mpya ya dong 20,000, ambayo sijaitumia. Mama akaleta bánh chưng, keki ya wali iliyofungwa kwa majani, fahari ya siku hiyo. Ndani yake kuna nyama ya nguruwe. Nikamweleza kijana kwamba mimi ni Mwislamu, nikiogopa kuharibu bahati dakika ya tano tu, lakini mama hakukunja uso: akaiondoa, akarudi na wali mwekundu wa kunata na kisahani cha nazi zilizopikwa na sukari hadi zikakauka. Kashata kasoro rangi. Nilipokuwa natafuna ya tatu mjomba akaingia, suti nzima, akamkuta nyani wa Tanga kwenye nafasi yake.

Vietnam nilikaa mwezi, nikashuka hadi kusini, na sehemu kubwa ya mwezi huo ilikuwa ya kawaida: mvua, mabasi ya vitanda ambayo mtu mrefu halali, kuumwa tumbo siku mbili mjini Huế. Niliacha kuagiza chai kwa jina la chai. Mara ya kwanza niliposema “chai” nililetewa chupa ya maji, na ndivyo hasa nilivyokuwa nimesema, kwa Kivietnam chai ni chupa. Mara ya pili nikaikazia sauti kidogo, nikaletewa supu ya tambi isiyo na nyama, kwa sababu chay ni chakula kisicho na nyama. Neno hilo la pili nililishika mkono na moyo. Lilinilisha mwezi mzima bila wasiwasi wa nguruwe.

Kuala Lumpur nilitua Machi, Ramadhani ikiwa karibu kuandama. Fomu ya kuingia nimeijaza mtandaoni ndani ya zile siku tatu wanazotaka. Kadi ya njano nimeichomeka ndani ya pasipoti kwenye ukurasa wa picha. Nakala yake iko kwenye simu, nyingine kwenye barua pepe, nyingine nimemtumia dada yangu. Nikatafuta kaunta ya afya kabla sijatafuta foleni, nikauliza watu wawili tofauti. Ofisa akaitoa kadi kwa vidole viwili kama anayetoa unyoya kwenye supu, akaiweka kando bila kuifungua, akagonga muhuri, akanirudishia vyote.

“Apa khabar?” akasema.

“Habari nzuri,” nikamjibu, nikiwa sijui hata nimejibu kwa lugha gani. Akacheka. Kwa Kimalay ni khabar baik.

Siku ya kwanza ya mfungo, tarehe 12 Machi, baada ya alasiri nilipanga foleni kwenye msikiti wa Kampung Baru, ambako kila Ramadhani wanapika na kugawa bubur lambuk: uji wa mchele wenye nyama, mdalasini, iliki na karafuu, kwenye masufuria makubwa. Nilipata kontena langu la plastiki, nikakaa kwenye ngazi kusubiri adhana, faili la bluu chini ya paja. Magharibi ilipoingia nikafuturu, kisha nikampigia mama. Tanga ilikuwa saa nane na nusu mchana.

“Mshafuturu huko?” akauliza. “Sisi bado sana. Unakula nini, mwanangu?”

Nikamwambia uji.

Akanyamaza kidogo. “Uji gani?”

“Wa mchele. Una iliki na mdalasini.”

“Haya,” akasema. “Umekwenda kote huko kula uji.”